Kipakizi cha Chipu kwa Waya wa Siriali: Kwa Nini Kamati ya Parokia Ijue Habari Zake



Mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za visima, madarasa na vikundi vya akina mama. Safari hii tunaomba uvumilivu wenu kidogo, kwa sababu tunataka kueleza kifaa kinachoenea kwenye kiganja, chenye rezista tatu, diodi tatu na kipande cha waya. Gharama yake haifiki bei ya mfuko mmoja wa saruji. Hata hivyo kimetufundisha jambo ambalo lingetuokolea fedha nyingi kama tungelijua mapema.

Habari yenyewe ilianzia katika zahanati moja ya vijijini, upande wa milimani wilayani Tarime. Taa za sola za wodi ya wazazi zilikuwa zikizimika kabla ya saa nne usiku, na muuguzi alikuwa akimalizia kazi yake kwa tochi ya simu. Betri za kwanza, zile za maji, zilikuwa zimekwisha nguvu baada ya miaka kadhaa, jambo ambalo ni la kawaida. Kamati ikachangisha, ikanunua betri kavu mbili, na haukupita muda mrefu nazo zikaanza kudhoofika. Watu wakasema ni betri feki. Wengine wakamshuku fundi. Paneli zilipimwa zikaonekana nzima, na nyaya hazikuwa na tatizo.

Kosa lilikuwa ndani ya chaji kontrola, yaani kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri. Kisanduku hicho kiliwekwa kwa ajili ya betri za maji, na kilikuwa kikiendelea kuzijaza hadi volti 14.7 ndipo kikate. Betri za maji huvumilia hapo, na maji yakipungua fundi huongeza. Lakini karatasi iliyokuja na zile betri kavu ilisema zisijazwe kupita volti 14.1. Betri kavu ikijazwa kupita kiasi hupoteza maji yake kwa njia ya gesi, na kwa kuwa imefungwa hakuna mahali pa kuyarudishia. Hivyo kila siku ya jua kali ilikuwa ikiwaua polepole wale waliodhaniwa kuwa wagonjwa kwa kuzaliwa.

Dawa ilionekana rahisi: badilisha 14.7 iwe 14.1. Fundi akatafuta skrubu ya kurekebishia, hakuiona. Tukampigia muuzaji, tukajibiwa kwamba aina ile imekwisha kutoka sokoni na tununue mpya. Na haikuwa zahanati hiyo peke yake. Visanduku vya namna ileile vilikuwa vimenunuliwa kwa pamoja, na vingine vilikuwa vimefungwa katika hosteli ya wasichana na nyumba ya watumishi upande wa Serengeti.

Ndani ya kisanduku

Tulipokifungua tuliona bodi ndogo ya kijani, na katikati yake chipu nyeusi yenye miguu 28, imeandikwa ATmega8. Hiyo ni maikrokontrola. Ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kimoja. Ina sehemu ya kufikiri, sehemu ya kumbukumbu, na miguu ya kupimia na kuwashia vitu. Haina kioo wala kibodi. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 8 tu, lakini kwa kazi ya kulinda betri nafasi hiyo inatosha na kubaki. Chipu za ukoo huu, unaoitwa AVR, zilitokana na kazi ya wanafunzi wawili wa Trondheim, Norwei, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ya Atmel ikazitengeneza na kuziuza, na tangu mwaka 2016 ziko chini ya kampuni ya Microchip.

Chipu hizi ndizo zilizo ndani ya vitu vingi tunavyovipokea bila kuvifungua: chaji kontrola, inveta, vidhibiti vya pampu, mita za maji za kulipia kabla. Ile 14.7 haikuwa skrubu wala waya. Ilikuwa namba iliyoandikwa katika kumbukumbu ya chipu, na namba hubadilishwa kwa kuandika nyingine mahali pake. Ili kuandika, unahitaji kifaa kinachosimama kati ya kompyuta na chipu. Sisi tumekiita kipakizi, kwa kuwa kinapakia programu.

Vipakizi huuzwa madukani. Kwetu hapa kuna shida mbili: vinapatikana mbali, na kijana anayekinunua kikiwa tayari hajui kinafanya nini ndani, kwa hiyo kikigoma naye anagoma. Ndiyo maana tuliamua kutengeneza cha kwanza kwa mikono, kwa kutumia poti ya siriali ya kompyuta ya zamani ya mezani iliyokuwa ikikusanya vumbi stoo. Wengi mnaijua poti hiyo: ina pini 9, tano juu na nne chini, nyuma ya kompyuta. Zamani ilitumika kwa modemu na mausi. Kompyuta mpya hazina tena, lakini zile zilizokuja kama misaada katika shule zetu miaka ya nyuma nyingi bado zinazo.

Volti kumi na mbili na volti tano

Poti ya siriali hufuata kanuni inayoitwa RS-232, iliyowekwa Marekani mwaka 1960. Katika kanuni hiyo, alama moja huonyeshwa kwa volti chanya, kati ya 3 na 15, na nyingine kwa volti hasi za kiasi hichohicho. Kompyuta nyingi za mezani hutoa takribani chanya 12 na hasi 12. Chipu yetu inataka kitu kingine: sifuri au tano, na si zaidi. Ukiunganisha moja kwa moja unaiunguza.

Hapo ndipo rezista na diodi za zena zinapofanya kazi. Kila waya unaotoka kwenye kompyuta unapitia rezista ya kilo-omu 2.2, kisha unafika kwenye mguu wa chipu. Kati ya mguu huo na athi tunaweka diodi ya zena ya volti 5.1, upande wenye mstari ukitazama mguu wa chipu. Kompyuta ikisukuma chanya 12, zena inafunguka kwenye 5.1 na ziada yote inabaki kwenye rezista. Kompyuta ikisukuma hasi 12, zena inapitisha kama diodi ya kawaida, na mguu wa chipu unaona karibu sifuri. Ni kama mlango wa zizi unaomruhusu ndama na kumzuia fahali.

Nyaya ziko tano. Pini ya 5 ya poti ni athi na inakwenda kwenye athi ya chipu, yaani mguu wa 8. Pini ya 7 inakwenda mguu wa 1, ambao kazi yake ni kuisimamisha chipu ili isikilize. Pini ya 4 inakwenda mguu wa 19, nao ni wa mapigo. Pini ya 3 inakwenda mguu wa 17, wa kuingizia data. Mwisho, mguu wa 18 wa chipu unarudi kwenye pini ya 8 ya poti, na huo ndio njia ya majibu. Huu wa mwisho hauhitaji rezista wala zena, kwa sababu volti tano za chipu haziwezi kuidhuru kompyuta, na poti nyingi huzitambua bila shida ijapokuwa kanuni ilitarajia mabadiliko makubwa zaidi. Chipu inapewa umeme wake wa volti 5 kutoka pembeni, tusiutegemee waya wa siriali, na karibu na miguu yake ya umeme tunaweka kapasita ya nanofaradi 100. Waya mzima usizidi nusu mita. Tulijaribu wa mita mbili ili tusihamishe meza, tukapoteza alasiri nzima.

Litania

Swali la kwanza la vijana lilikuwa: nyaya chache hivi zinapitishaje programu nzima? Mwalimu wa kwaya aliyekuwepo ndiye aliyelijibu vizuri kuliko sisi.

Alisema fikirini litania. Kiongozi anatamka, waumini wanaitikia, na wote wanakwenda kwa pigo moja. Waya wa mapigo ni mkono wa mwalimu wa kwaya. Kila mkono unaposhuka, kompyuta inasukuma alama moja kwenye waya wa kuingia, ama sifuri ama moja, na kwa pigo hilohilo chipu inarudisha alama moja kwenye waya wa kutoka. Mapigo manane yanafanya neno moja. Hakuna haja ya haraka. Mwalimu akichelewesha mkono, kwaya inasubiri. Hii ni faida kubwa kwetu, kwa maana kompyuta kuukuu haiwezi kuweka mwendo sawasawa, na kazi haiharibiki kwa sababu hiyo.

Litania hiyo ina ufunguzi wake. Kwanza waya wa kusimamisha unashushwa hadi sifuri na kuachwa hapo, na chipu inaacha kazi yake ya kawaida. Kisha kompyuta inatuma maneno manne: AC, 53, 00, 00, kwa hesabu ya kumi na sita wanayoitumia mafundi. Chipu ikiwa hai na nyaya zikiwa sawa, wakati neno la tatu linaingia, yenyewe inarudisha lile la pili: 53. Isiporudisha hiyo, hakuna kinachoendelea. Baada ya hapo inaulizwa jina, na ATmega8 hujibu 1E 93 07. Siku namba hizo tatu zilipotokea kwenye kioo mara ya kwanza, kijana mmoja aliyepitia VETA, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenyamaza, alipiga meza kwa furaha mpaka waya ukachomoka tukaanza upya.

Kwa wenye kutaka kujaribu, programu tuliyotumia kwenye kompyuta inaitwa AVRDUDE, nayo hupatikana bure. Mpangilio wa nyaya tulioueleza hapo juu inaujua tayari kwa jina la dasa. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

avrdude -c dasa -p m8 -P /dev/ttyS0 -U flash:w:taa.hex

Ukimaliza, chomoa waya wa siriali ndipo ujaribu bodi. Poti ikifungwa, waya wa kusimamisha mara nyingi hubaki chini, na chipu inakaa kimya ikidhani bado inasubiri maelekezo. Tulidhani tumeiua, kumbe ilikuwa na utii tu.

Kufuli

Sasa tunafika mahali ambapo tunaomba wanakamati wasome polepole.

Mpango wetu ulikuwa kusoma programu iliyomo ndani ya kisanduku, kutafuta ile 14.7, kuibadilisha na kuirudisha. Kipakizi kilifanya kazi. Chipu ilijibu 53, ikataja jina lake. Tulipoiomba programu ikatupa namba zisizo na maana. Aliyeitengeneza alikuwa ameifunga kufuli.

Kufuli hiyo ni sehemu halali ya chipu. Mtengenezaji anaiweka ili mshindani asimwibie kazi yake, na hatuna ugomvi na hilo. Lakini tazama inavyofanya kazi. Kufuli inaondoka kwa njia moja tu, yaani kufuta chipu nzima. Ukifuta, kufuli inatoka pamoja na programu, na unabaki na chipu tupu. Maana yake kipakizi chetu kinaweza kufuta na kinaweza kuandika, lakini hakiwezi kurudisha ambacho hatukupewa. Tulikuwa na kisanduku chetu, tumekilipia kwa fedha zenu wafadhili na michango ya waumini, risiti ipo kwenye faili, na bado kile kinachokifanya kiwe chaji kontrola hakikuwa mali yetu.

Tulikaa na jambo hilo wiki moja. Mwishowe tuliamua kufuta chipu ya bodi moja na kuandika programu yetu wenyewe tangu mwanzo. Siku mbili zilikwenda katika kufuatilia njia za shaba kwa mita ili kujua mguu upi unapima betri, upi unafungua paneli, upi unawasha taa. Sehemu ya kupimia tuliiondoa tukaweka rezista sita za kilo-omu 10 zilizofuatana, tukipima kwenye ile ya mwisho, hivyo chipu inaona moja ya sita ya volti za betri. Kipimo cha ndani cha chipu hii ni volti 2.56, na inakigawa katika hatua 1024. Ukizidisha kwa sita, kila hatua ni milivolti 15 za betri. Hesabu ikawa nzuri hata kwa mtu wa darasa la saba: volti 14.1 ni hatua 940. Ikifika hapo, kata paneli. Ikishuka hadi 900, ambayo ni volti 13.5, rudisha paneli. Ikishuka hadi 760, yaani 11.4, zima taa kabla betri haijaharibika, na usiziwashe tena mpaka ifike 840.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Ile 2.56 ni ya kwenye karatasi. Kitabu cha chipu chenyewe kinakiri kwamba inaweza kuwa popote kati ya 2.3 na 2.9, na chipu mbili za pakiti moja zinaweza kutofautiana. Kwa hiyo kila bodi lazima ipimwe kwa mita nzuri na namba zake zisahihishwe, kisha zibandikwe ndani ya kifuniko. Asiyefanya hivyo atakuwa amebadilisha kosa la mtu mwingine kwa kosa lake. Pia joto lina sehemu yake: betri ya volti 12 ikiwa katika baridi inataka volti zaidi kidogo, kati ya milivolti 18 na 30 kwa kila nyuzi moja. Kisanduku cha Tarime milimani na kile cha tambarare za Serengeti kwenye joto havifai kupewa namba moja. Programu yetu ya kwanza haikujali joto, na hilo bado linatudai kazi.

Kosa lililotufundisha

Chipu hizi, mbali na programu, zina mipangilio michache ya kudumu inayoitwa fyuzi, ingawa hazina uhusiano na fyuzi ya umeme. Moja huiambia chipu ipate mapigo yake wapi: kutoka ndani yake yenyewe au kutoka kwenye kioo cha kwazi kilichofungwa nje. Tulitumia programu nyingine yenye visanduku vya kuwekea alama, na humo kuweka alama maana yake ni sifuri, si moja. Kijana wetu akaelewa kinyume. Chipu ikaamini kwamba ina kwazi nje, wakati bodi haikuwa nayo. Ikanyamaza. Haikujibu 53 wala chochote.

Tuliiokoa kwa kufunga kwazi ya megahezi 4 na kapasita mbili ndogo za pikofaradi 22 kwenye miguu ya 9 na 10. Ilipopata mapigo ikazungumza, tukasahihisha. Lakini ipo fyuzi nyingine inayoufanya mguu wa 1 usiwe tena wa kusimamisha, na hiyo kipakizi cha namna yetu hakiwezi kuirudisha. Tangu siku hiyo tunakataza mtu mmoja kubadilisha fyuzi akiwa peke yake. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaweka alama.

Kuna na katazo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Hatugusi majokofu ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na majokofu yale yamepimwa na kuidhinishwa jinsi yalivyo. Kosa letu kwenye taa linaleta giza, ambalo muuguzi atalijua papo hapo. Kosa kwenye jokofu halionekani, na mtoto atachomwa chanjo iliyokwisha kufa bila mtu kujua. Jokofu likiharibika, taarifa ipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya, na fundi wetu abaki na taa.

Wengine waliotutangulia

Mkoa wa Mara si mgeni katika majaribio ya namna hii. Katika miaka ya 2000, wilaya za Serengeti na Bunda zilichaguliwa kwa mradi wa mtandao wa mawasiliano vijijini uliowaunganisha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo kikuu cha KTH cha Sweden, ukitumia nafasi iliyobaki katika nyaya za nuru za TANESCO. Amos Nungu, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari KTH mwaka 2011 juu ya kazi hiyo, aliuchukua uendelevu kuwa swali lake kuu: mtandao ukishajengwa, nani ataubeba? Ni swali letu lilelile, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Baadaye DIT, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, kwa ufadhili wa Norwei, walibuni stesheni za kupimia hali ya hewa katika mradi wa WIMEA-ICT. Vipimio vyake vilitumia chipu za ukoo huohuo wa AVR. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi ya wanakamati waliona kazi yetu kama mchezo wa vijana. Chipu ambayo mhandisi wa chuo kikuu anaiandikia programu ya kupima mvua inasikiliza litania ileile, na kijana wa Mugumu au Sirari anaweza kujifunza kuizungumza.

Tusije tukaeleweka vibaya: hatusemi kila parokia ijenge kipakizi cha siriali. Kompyuta mpakato za siku hizi hazina poti hiyo. Zile adapta za USB kwenda siriali hupitisha mapigo polepole mno kwa kazi hii, na nyingine hushindwa kabisa. Mwenye kompyuta mpya anunue kipakizi cha USBasp, au achukue bodi ya Arduino na kuigeuza iwe kipakizi, jambo ambalo linawezekana bila kununua kitu kingine. Sisi tulianza na siriali kwa sababu ndicho kilichokuwepo, na kwa sababu ukiona kila waya kwa macho unajua pa kutazama mambo yanapokwama.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Mikataba ya vifaa vya sola, pampu na mita tunayoisaini huwa na kurasa nyingi juu ya paneli, udhamini na usafirishaji. Katika mafaili tuliyoyapekua hatukuona hata mmoja wenye neno kuhusu programu. Tunapendekeza yafuatayo yaulizwe kabla ya kusaini, na majibu yaandikwe.

Kwanza, je, namba za kuchajia zinaweza kubadilishwa na fundi wa hapa, kwa swichi au kwa kitufe, bila kurudi kwa muuzaji? Kama ndiyo, mengi ya tuliyoyaeleza hayatahitajika, na kisanduku hicho kina thamani kuliko kingine chenye bei ndogo. Pili, kama namba zimo ndani ya chipu, je, muuzaji yuko tayari kutoa faili la programu likae kwenye ofisi ya jimbo, hata kama limefungwa kwa bahasha na kufunguliwa tu siku atakapoacha kuuza aina hiyo? Tunaelewa kwamba wengine watakataa. Akikataa, angalau kamati itakuwa imejua kwamba inanunua kitu cha miaka michache, na itatenga fedha za kubadilisha. Tatu, kila mradi wenye visanduku zaidi ya vitano ununue kimoja cha ziada kwa ajili ya kufunguliwa na kujifunzia.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja la ziada. Fomu za maombi zina sehemu ya vifaa na sehemu ya mafunzo, na katika mafunzo mara nyingi hulipiwa siku mbili za semina wakati wa makabidhiano. Vijana wetu walihitaji wiki sita, meza moja, mita nzuri na ruhusa ya kuharibu chipu chache. Chipu tatu ziliungua. Hatukuwa na mstari wa bajeti wa kuziandikia, hivyo zililipwa na watu mifukoni mwao.

Bodi ya kwanza imerudi zahanati ikiwa na betri kavu zilezile zilizodhoofika, kwa kuwa hakuna fedha za nyingine kwa sasa. Inakata kwenye 14.1 kama tulivyotaka, na muuguzi anaandika katika daftari saa ambayo taa zinazimika kila usiku. Bodi za Serengeti bado ziko mezani, zikisubiri kipimo cha joto. Kamati itakayopenda kuja kuona inakaribishwa Jumamosi yoyote baada ya misa ya asubuhi, na ikiwa ina chaji kontrola isiyojulikana tatizo lake, ije nayo pamoja na ile karatasi ya betri.